Papa Amisi, vijana wa bandarini wamekushinda

Lubumbashi, Katuba
Jumapili jioni

Yambo sana Papa Amisi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mama Furaha anakusalimu, watoto wanakusalimu, na yule mjukuu wangu mtundu ameanza masomo mwaka huu, kwa hiyo asubuhi nyumba inatulia kidogo. Sisi wazima. Umeme unakuja na kuondoka upendavyo, lakini mimi ni nani nilalamike? Usingekatika, nani angeniletea betri zake nizitengeneze?

Barua yako nimeipata kwa yule kijana wa malori, nikaisoma nikicheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wakaniuliza kuna nini. Kwamba mliangalia filamu ya nyambizi kwa jirani, ukabishana na vijana wa bandarini mpaka usiku. Wewe unashika kwamba nyambizi ni nyambizi tu, ya zamani na ya leo ni chuma kile kile, imeongezwa ukubwa na kupakwa rangi. Tena unasema mtu aliyekulia ziwani hafundishwi mambo ya vyombo na watoto. Halafu unanichagua mimi, fundi betri wa nchi kavu, niwe mwamuzi! Umechagua vibaya, ndugu yangu. Ushindi nawapa vijana, na nitakueleza kwa nini.

Nianze na pale ambapo una haki, usije ukaitupa barua kabla haijaisha. Mwaka 1775 kule Connecticut, Marekani, David Bushnell alitengeneza chombo cha mbao chenye umbo kama yai, cha kuingia mtu mmoja, akakiita Turtle. Mtu wa ndani akitaka kuzama alikanyaga vali, maji yakaingia chini ya miguu yake. Akitaka kuibuka alipiga pampu kwa mkono mpaka maji yatoke. Nyambizi za Marekani za leo za aina ya Ohio zina uzito wa zaidi ya tani 18,000 zikiwa chini ya maji, na ukizilaza kando ya lile bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Gécamines hapa mjini, zinalipita kwa urefu. Lakini zinazama kwa ujanja ule ule: matangi yakijaa maji zinashuka, hewa iliyoshindiliwa ikiyafukuza maji zinapanda. Miaka 250 imepita na hakuna aliyepata njia iliyo bora kuliko hiyo. Kwa hoja hiyo, waambie vijana wakununulie soda.

Zaidi ya hapo, hapana. Nyambizi za zamani zilikuwa vyombo vya juu ya maji vilivyoweza kujificha chini kwa muda, halafu lazima virudi. Za leo makao yake ni huko chini. Na kilicholeta tofauti hiyo si makombora mliyokuwa mkiyashangilia kwenye filamu. Ni pumzi.

Mwangalie huyo mtu wa Turtle. Hewa ya ndani ilimtosha kama nusu saa. Mshumaa hakuweza kuwasha, maana ungemlia hewa yake, basi kwenye dira waliweka kuvu wa miti iliyooza, ule unaotoa mwanga hafifu gizani, ili aone anakokwenda. Mikono yake ndiyo injini. Usiku mmoja wa Septemba 1776 sajini Ezra Lee alikipeleka chombo hicho bandarini New York akabandike baruti chini ya manowari ya Waingereza iliyoitwa Eagle. Alijaribu kutoboa, akashindwa, akarudi amechoka hoi. Mimi namheshimu kwa kurudi tu.

Wa Hunley hawakurudi. Hiyo ilikuwa mwaka 1864, Wamarekani wakipigana wao kwa wao. Hunley ilikuwa bomba la chuma lenye watu wanane. Saba walikaa mstari mmoja wakizungusha kwa mikono mtaimbo mrefu uliopindapinda, ndio ulioendesha propela, na wa nane alikuwa mbele akishika usukani. Bomu lilifungwa kwenye ncha ya mti mrefu mbele ya chombo. Ili limpige adui, ilibidi ukamguse. Mshumaa walikuwa nao, na ulipofifia walijua hewa inakwisha. Tarehe 17 Februari, karibu na Charleston, waliizamisha meli ya vita Housatonic, na haikuwahi kutokea kabla ya hapo nyambizi kuzamisha meli ya adui. Nao wakazama usiku ule ule. Kabla ya hapo, katika majaribio, chombo hicho hicho kilikuwa kimeua watu 13, mmoja wao Horace Hunley mwenyewe ambaye jina lake ndilo walilokipa. Kilipotolewa baharini mwaka 2000, mifupa ya wale wanane ilikutwa kila mmoja mahali pake pa kazi. Hakuna dalili kwamba walikimbilia mlangoni. Jambo hilo nalifikiri sana, sijui kwa nini.

Basi, kutoka mikono ya watu tukaingia kwenye mashine, na hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Mwalimu mmoja wa Kiayalandi aliyehamia Marekani, John Holland, alihangaika miaka mingi mpaka mwaka 1900 jeshi la maji la Marekani likanunua chombo chake. Wazo lake lilikuwa rahisi na la akili: juu ya maji unatumia injini ya petroli, ukizama unaizima na kutumia mota ya umeme inayolishwa na betri. Ukiibuka, injini inachaji betri tena. Petroli ilikuwa na balaa lake, mvuke wake ulijaa ndani ya chombo, na Waingereza walikuwa wakibeba panya weupe ndani ya kizimba: panya akilegea, watu wanajua hewa imeharibika. Baadaye dizeli ikachukua nafasi. Lakini mpango wenyewe wa dizeli juu na betri chini ulidumu nusu karne na zaidi, vita vyote viwili vikuu vilipiganwa nao.

Sasa nisikilize kama fundi. Betri hizo zilikuwa za madini ya risasi na asidi, ndugu wa zile zile ninazozifungua kila siku hapa atelie. Ukifungua betri ya lori iliyochoka unakuta mabamba yamevimba, matope ya kijivu yametuama chini, na harufu inakukwaruza koo. Suruali zangu zote za kazi zina matundu magotini. Ikiwa kwenye chaji inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu, ndiyo maana mtu hawashi sigara mbele ya mlango wangu hata awe mteja wa namna gani. Sasa fikiria tani nyingi za betri hizo chini ya sakafu unayolala, chumba kimefungwa, na nje ni bahari.

Na umeme wenyewe ulikuwa kidogo! Chukua nyambizi za Wajerumani za aina ya VII, zilizotengenezwa kwa wingi kuliko zote wakati wa vita vya pili, kama 700 hivi. Juu ya maji zilikwenda kilomita 33 kwa saa. Chini, kwa nguvu zote, 14 tu, na kwa mwendo huo betri haikudumu. Ukienda polepole, kilomita 7 kwa saa, ungefika kilomita 150 hivi, betri imekwisha. Ungetoka hapo Kalemie chini ya maji ukafika Kigoma, lakini kurudi ungepiga kasia. Kwa hiyo kila usiku ilibidi ziibuke, zikae juu saa nyingi injini zikinguruma, zichaji. Ndege zenye rada zikazikuta hapo hapo. Kati ya Wajerumani kama 40,000 waliokwenda vitani kwa nyambizi, karibu robo tatu hawakurudi. Wengi wao waliuawa na haja ya kuibuka kutafuta hewa.

Kuna kisa kimoja nitakuandikia hata kama Mama Riziki atasema hakifai kusomwa mezani. Aprili 1945 nyambizi U-1206 ilikuwa chini karibu na pwani ya Uskochi. Ilikuwa na choo cha mtindo mpya, kinachoweza kutumika hata kwenye kina kirefu, lakini vali zake zilikuwa za kufunguliwa kwa utaratibu maalumu. Mtu akakosea vali. Maji ya bahari yakaingia kwa kishindo, yakateremka mpaka kwenye betri. Maji ya chumvi yakikutana na betri ya asidi, fundi yeyote atakuambia kinachofuata: klorini, ile gesi ya sumu iliyotumika kwenye mahandaki ya vita vya kwanza. Nahodha hakuwa na la kufanya ila kuibuka, na juu ndege za Waingereza zikamwona. Chombo kikapotea, na watu kadhaa wakafa. Kwa sababu ya choo, Papa Amisi.

Mwishoni mwa vita hivyo walifunga bomba refu la kuvutia hewa, wazo walilolikuta kwa Waholanzi, ili injini ya dizeli ifanye kazi huku chombo kikiwa chini kidogo tu ya uso wa maji. Wimbi likifunika mdomo wa bomba, vali inajifunga, lakini injini haijui. Inaendelea kunyonya hewa ya ndani, ile ya mapafu ya watu, na masikio yanauma kama yatapasuka. Hayo ndiyo maendeleo yaliyofikiwa mwaka 1944.

Kilichobadilisha kila kitu kina harufu ya kwetu. Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi, unapajua. Palitoa urani tajiri kuliko machimbo yote ya wakati ule, na sehemu kubwa ya bomu la Hiroshima ilitoka mle. Baada ya vita Wamarekani, wakisukumwa na afisa mmoja mkali sana aitwaye Hyman Rickover, waliuchukua moto wa namna ile ile wakaufunga ndani ya nyambizi. Moto ni njia ya kusema tu, maana hakuna kinachowaka: chembe za urani zinapasuka, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine. Dizeli inataka hewa, urani haitaki. Tarehe 17 Januari 1955 nyambizi Nautilus iliondoka gatini kwa nguvu hiyo, na tarehe 3 Agosti 1958 ilipita chini ya barafu kwenye Ncha ya Kaskazini ikiwa na watu 116 ndani. Nyambizi ya dizeli isingethubutu: barafu ni paa, huwezi kuibuka upumue.

Sasa uone umeme mwingi unavyofanya. Wanachukua maji ya bahari, wanayasafisha, wanayapitishia umeme mpaka oksijeni inatoka, watu wanapumua. Hewa ukaa wanayoitoa inanaswa kwa dawa na kutupwa nje. Maji ya kunywa na kuoga wanayatengeneza humo humo. Nyambizi za Marekani za aina ya Virginia zina kinu cha nyuklia, ndimo urani inamopasukia, kilichoundwa kifanye kazi miaka 33 bila kuongezwa urani hata mara moja. Kinachowarudisha mabaharia nyumbani ni chakula, ambacho kinatosha kama miezi mitatu. Wakati huo huo watu wanaoishi juu ya madini yenyewe wanawasha kibatari. Hapo sitaki kuandika mengi, presha yangu unaijua.

Mambo mengine yote yalifuata hilo la pumzi. Hata umbo. Tazama picha ya nyambizi ya mwaka 1940: ina sitaha ya kutembelea, mzinga mbele, na ncha iliyochongoka ya kukatia mawimbi. Hiyo ni meli, wewe mwenyewe ungeitambua. Kwa nini? Kwa sababu muda wake mwingi ilikuwa juu. Chombo kikishaacha kuibuka, hakihitaji tena kupasua mawimbi, basi mwaka 1953 Wamarekani wakajaribu chombo kiitwacho Albacore chenye mwili wa mviringo kama wa nyangumi, na tangu hapo nyambizi za mataifa makubwa zimefuata njia hiyo. Ndiyo maana leo mambo yamepinduka: nyambizi ya nyuklia inakwenda haraka chini kuliko juu, zaidi ya kilomita 45 kwa saa. Ukiiona juu inayumba vibaya, haipendi kuwa huko.

Halafu kuna ukimya. Hili wewe ndiwe mtaalamu, maana unajua samaki wanavyotawanyika kasia likigonga ubavu wa mtumbwi. Sauti ndani ya maji inasafiri haraka zaidi ya mara nne kuliko hewani, na chini kule macho hayafai kitu, kila mtu anasikiliza. Zamani injini ilifungwa moja kwa moja kwenye mwili wa chombo na kelele zikatoka. Leo mashine zinakalishwa juu ya mpira na springi, na mwili wote unafunikwa kwa vigae vya mpira vinavyomeza sauti. Wamefanikiwa mno. Februari 2009 nyambizi Vanguard ya Uingereza na Le Triomphant ya Ufaransa, kila moja ina makombora ya nyuklia, ziligongana ndani ya bahari ya Atlantiki. Bahari yote ile! Ziligongana kwa sababu hakuna iliyomsikia mwenzake. Kwa bahati hakuna aliyeumia.

Usidhani dizeli imekufa. Kinu cha nyuklia kina pampu zake, na pampu zina kelele, lakini mota ya betri iko kimya kabisa. Waswidi wana Gotland, iliyoanza kazi 1996, yenye injini ndogo inayokula dizeli pamoja na oksijeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika na kubebwa kwenye matangi, hivyo inakaa chini wiki kadhaa. Wamarekani waliikodi mwaka 2005 wafanye nayo mazoezi, ikaipenya safu yote ya ulinzi mpaka karibu na meli yao kubwa ya ndege, Ronald Reagan, bila kugundulika. Na Machi 2020 Wajapani waliingiza kazini Ōryū, yenye betri za lithiamu badala ya risasi na asidi. Mimi habari hiyo ilinifurahisha kuliko za makombora yote. Betri nyingi za ukoo huo zina kobalti, na unajua kobalti nyingi ya dunia inatoka huku kwetu, kwenye migodi kama ya Kolwezi. Labda kuna siku Kolwezi itapiga mbizi.

Macho nayo yamebadilika. Periskopu ya zamani ilikuwa bomba lenye vioo lililotoboa mwili wa chombo, nahodha anabandika jicho, wengine wanasubiri awaambie ameona nini. Kwenye zile za Virginia hakuna bomba: kamera iko juu ya mlingoti, picha inashuka kwa waya na wote wanaiona kwenye skrini. Kamera hiyo, tangu nyambizi Colorado ya mwaka 2018, inaongozwa kwa kifaa kile kile ambacho watoto wanachezea michezo ya video. Hilo usiwaambie wale vijana, watakusumbua.

Uliuliza mwishoni kama nyambizi ingeweza kufika chini kabisa ya Tanganyika. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza uzito wa kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Zile za Wajerumani za aina ya VII zilijengwa kwa mita 200 na kidogo. Za leo nyingi zinashuka mia kadhaa, na majeshi hayasemi mwisho wake. Moja tu ya kivita ilikwenda mbali sana, Komsomolets ya Warusi, yenye mwili wa titani: mwaka 1984 ilifika mita 1,020. Miaka mitano baadaye ilishika moto ikazama, watu 42 wakafa. Ziwa lako lina mita 1,470. Kwa hiyo hapana, hata ile isingefika. Vipo vyombo vya utafiti, vidogo, vyenye tufe nene la chuma, ambavyo vingefika bila taabu. Trieste iligusa sehemu ya chini kabisa ya bahari zote mwaka 1960, karibu kilomita 11. Lakini hivyo vinashuka na kupanda tu, havipigani wala haviishi huko.

Haya, nimeandika mpaka mkono umechoka. Ile betri ya boti yako unayosema inakufa usiku wa manane, usinunue mpya bado. Ichaji mpaka ijae, iache bila kazi usiku mmoja, kisha pima asidi chumba kwa chumba. Chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko vingine, ndicho kibovu, hapo ununue. Vyote vikiwa sawa, ubaya uko kwenye dinamo au waya umeliwa na kutu. Ukishindwa, mpe kijana wa malori aniletee, ila mwambie aisimamishe wima, mara ya mwisho aliilaza na magunia ya mteja wangu yakaungua.

Msalimie sana Mama Riziki na wote wa hapo nyumbani.

Ndugu yako,
Kasongo